Mbuzi Yenye Meno

Mama Binti, aliyekaa ua kwa ua na Bibi Nuru pale Kasongo ya Maniema, alisema mpaka siku ya kufa kwake kwamba aliona kwa macho yake mtu wa Unguja, mwenye ndevu na kilemba, amepanda mbuzi na anazunguka naye uwanjani, mpishi ameshika pembe mbele, mwenye nyumba anapiga vigelegele nyuma. Ukimwuliza, Mama, wewe ulikuwa wapi, anajibu: nyuma ya ua, kwa tundu. Tundu lenyewe lilitosha jicho moja. Basi tumwamini nusu. Hakuna aliyepanda mbuzi. Lakini mbuzi alikuwako, kilemba kilikuwako, na mpishi alikuwa Faradji, ambaye siku ile ilibaki kidogo tu apelekwe Ujiji na pembe ya ndovu begani.

Faradji alizaliwa Wamaza. Mungu alimpa ulimi wa watu wanne na mabega ya nusu mtu, kisha akamweka katika nchi ambayo kazi yote iko mabegani. Mwaka ule njaa ilimsukuma mpaka Kabambare. Akakuta msafara kutoka Ujiji umetua, unapika nyama. Harufu ikamwita kwa jina. Akakaa, akala, akamsifu mpishi, akala tena. Siku ya nne mnyapara wa wapagazi, Alimasi, mtu mfupi mwenye sauti ya ngoma, akamwonyesha robota la kitambaa.

"Hili ya nani?" Faradji akauliza.

"Yako."

"Mimi sikununua kitambaa."

"Ulinunua nyama. Tumbo iliingia msafara, bega itabaki nyuma?"

Sheria ya njia ilikuwa fupi hivyo: aliyekula posho ya msafara ni wa msafara mpaka Ujiji, isipokuwa mwenye nyumba mkubwa wa mji aseme, huyu ni mtu wangu. Na wale waliokuja na minyororo shingoni hawakuwa na nafasi hata ya kubishana. Kicheko cha hadithi hii kisiwaguse.

Faradji akabeba robota mpaka Kasongo. Bega likavimba kama embe. Pale Kasongo msafara ulikuwa utakaa mwezi na nusu ukikusanya pembe, kisha kila mpagazi apewe yake, nyuso zielekezwe kwenye ziwa. Faradji aliziona pembe zimepangwa ukutani. Alimasi akamchagulia moja, akaipigapiga kama mtu anayemsifu bibi-arusi. "Hii inakungoja, mutoto wa mama." Usiku wa kwanza Faradji akalala. Asubuhi, Alimasi akakuta mkeka tu.

Sasa, pa kujificha Kasongo palikuwa mahali pamoja tu, napo ni ndani ya jina la pwani. Maana wakati ule mjini kila mtu alikuwa wa pwani. Aliyefika Kabambare mara mbili alisema ameiona bahari. Aliyevaa kanzu siku tatu alisahau lugha ya mama yake. Hata leo sisi wa Kasongo tukihesabu babu zetu waliotoka Unguja, kile kisiwa lazima kilibaki na kuku peke yao.

Faradji aliyasikia kisimani maneno haya: Bibi Nuru, mjane wa tajiri wa pwani, anatafuta mpishi anayejua mapishi ya kwao. Wamekwenda watatu, wote watu wa pwani kweli, mmoja hata alipikia watu wakubwa kule. Amewafukuza wote watatu.

"Huyu mama iko mugumu," wakasema wanawake wa kisimani.

Lakini Faradji alisikia neno moja tu, mpishi. Mpishi habebi pembe. Mpishi hubeba mwiko.

Akaazima kanzu kwa mtu aliyelala, na kofia kwa mtu aliyekuwa akioga, akaenda.

Bibi Nuru alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, mnene, mtulivu, anaongea kwa pua kidogo kama watu walioumizwa na hewa ya bara. Kila mtu alijua alizaliwa Unguja, kwa sababu alisema mwenyewe, tena kila siku.

"Unatoka wapi?"

"Unguja, Bibi. Mjini kabisa. Hapa bara nimepotea tu."

"Alhamdulillahi. Basi nikumbushe kwetu. Asubuhi, jua likitoka, watu wanafanya nini pale baharini?"

Bahari Faradji aliisikia kwa wapagazi, kama wewe na mimi tunavyosikia habari za peponi. Lakini maji ni maji. Akafumba macho kama mtu mwenye hamu ya nyumbani.

"Ah, Bibi! Asubuhi wanawake wote wanateremka na mitungi. Wanateka maji ya kunywa. Maji ya bahari! Matamu, baridi. Mimi tangu niondoke kule sijanywa maji ya maana."

Bibi Nuru akafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Akakohoa kidogo. Akakohoa tena.

"Umepata kazi," akasema.

Siku ile Faradji alijisifu mpaka akachoka. Wajinga iko wengi, akaiambia sufuria. Watatu waliojua wamefukuzwa, mimi nisiyejua nimeingia! Shauri lake lilikuwa rahisi: atapika mpaka msafara uondoke, kisha atarudi Wamaza na sinia kubwa ya shaba iliyotundikwa ukutani, ambayo alikuwa akiitazama kila siku kama kijana anavyomtazama mchumba.

Kazi, kusema kweli, haikuwa mbaya. Faradji alitwanga karanga, akazikamua, akapikia mchele wa Kasongo, akauita wali wa nazi. Nazi zenyewe, alisema, analetewa na ndugu yake. Wageni wakala, wakalamba vidole, wakaapa kwamba ndivyo hasa ilivyokuwa kwao. Hakuna aliyeuliza nazi inafananaje, maana kuuliza ni kukiri. Taabu ilikuwa moja tu: mtu wa pwani hali mawese wala sombe, yale majani ya muhogo. Mwezi mzima Faradji alipita karibu na vyungu vya majirani amefumba pua, machozi yanamtoka, na watu wakasema, tazama anavyokumbuka kwao.

Zikabaki siku mbili msafara uondoke. Ndipo tajiri wa msafara mwenyewe, Bwana Hemedi, aliyekuwa amebaki nyuma Ujiji, akafika Kasongo. Huyu alikuwa mtu wa Unguja wa kweli, wa kuzaliwa. Akasikia kuna mama wa kwao hapa mjini. Adhuhuri akabisha hodi, na mfuko mkononi.

"Bibi, miaka saba niko bara," akasema. "Nimekuja kusikia maneno ya nyumbani tu."

Bibi Nuru akajiweka sawa mkekani. "Karibu, Bwana. Nami nakufa kwa hamu."

Bwana Hemedi akafungua mfuko, akatoa vitu viwili vya mviringo, vya kahawia, vyenye nywele kama kichwa cha mtu aliyegombana na kinyozi. "Nililetewa Ujiji, zimetembea miezi. Unaziona?"

Bibi Nuru alikuwa akiziona kweli. Faradji naye aliziona. Hakuna aliyesema zinaitwaje.

"Nazi za kwetu!" akasema Bwana Hemedi.

"Aaah, nazi!" wakasema wote wawili, kama watu wanaopokea shangazi.

"Leo tule wali wenyewe. Mbuzi mnayo humu?"

Hapa msomaji wa pwani ameanza kucheka peke yake, na si haki. Kule kwao mbuzi ni yule mnyama, lakini pia ni kigoda cha mti chenye ulimi wa chuma mbele, na ulimi una meno. Unakikalia, unakuna nazi. Mtu wa pwani hapotei, maana mnyama atamwita "mbuzi wangu", kigoda atakiita "mbuzi yangu". Lakini sisi wa Maniema, mbuzi ni "yangu" ikiwa na mkia, ni "yangu" ikiwa kwenye sufuria. Lugha yetu haibagui, na siku ile kutobagua ndiko kulikowaponza watu.

Bibi Nuru akacheka kwa fahari. "Mbuzi? Bwana, ninazo sita."

"Sita!" Bwana Hemedi akashangaa. "Za nini zote hizo? Kwetu nyumba nzima ina moja, na jirani anakuja kuazima."

"Huku bara tumezoea wingi."

"Basi nileteeni moja. Iwe na meno makali, lakini. Isiyo na meno inaniumiza mgongo."

Faradji akapiga hesabu ya meno ya mbuzi zote kichwani. "Iko moja mukali sana, Bwana," akasema, na kwa hofu Uunguja ukamtoka mdomoni. "Juzi iliuma Mama Binti, jirani."

"Ndiyo hizo nzuri! Mimi zimenikata vidole tangu utoto. Lete hiyo hiyo. Nitaikalia mwenyewe."

"Utai... utaikalia, Bwana?"

"Wewe ulifikiri nitakuna nimesimama?"

Faradji akamtazama Bibi Nuru. Bibi Nuru akamtazama Faradji. Kila mmoja alikuwa akitafuta usoni mwa mwenzake kama jambo hili ni la kawaida kule pwani, na kila mmoja akaona uso wa mtu asiyeshangaa hata kidogo.

"Faradji, unasimama nini?" Bibi Nuru akafoka kwa pua. "Bwana anataka kukalia mbuzi. Lete mbuzi!"

"Uifute vumbi kwanza," akaongeza Bwana Hemedi.

Faradji akaenda uani. Akamkamata yule mbuzi mkali, dume jeusi lenye ndevu. Akalifungua mdomo, akakagua meno: yalikuwa mazuri. Akalifuta mgongo kwa kitambaa chenye maji mara tatu, maana mgeni ni mgeni. Njiani akajiambia, loo, hawa watu wa pwani iko na mambo. Mimi nilikuwa najifanya mmoja wao bila kujua taabu yao. Kisha akaliingiza barazani, akashika pembe kwa mikono miwili, akainama kwa adabu.

"Karibu ukae, Bwana. Iko safi. Mimi nitashika."

Bwana Hemedi alikuwa tayari amekunja kanzu. Akabaki hivyo, kanzu mkononi. Akamtazama mbuzi. Mbuzi akamtazama yeye, akanusa nazi, akapiga chafya. Nyuma ya ua, jicho moja la Mama Binti lilikuwa limejaza tundu.

Na kwa kuwa balaa haipendi kutembea peke yake, mlangoni ikasikika sauti ya ngoma.

"Hodi! Bwana, mizigo yote tayari, mupagazi mumoja tu ndiye..." Alimasi akasita. Akasogea. Akamzunguka mbuzi ili aone uso. "Ndiye huyu! Faradji wa Wamaza! Mwizi wa nyama, iko hapa na kofia!"

"Mimi Faradji, ndiyo," akasema Faradji, pembe bado mkononi. "Lakini wa Unguja."

"Unguja gani? Mama yako iko Wamaza, anauza mawese! Siku tatu ulikula posho yetu. Pembe yako iko ukutani, inakungoja. Twende!" Akamshika bega, lile lile la zamani, na Faradji akasikia maumivu yote ya njia ya Ujiji yakimrudia, milima, ziwa, mawe, kabla hajapiga hatua.

"Mwache!" Bibi Nuru akasimama. Sauti yake haikupita puani tena. "Huyu ni mutu wa nyumba yangu. Ni mtu wa kwetu."

"Bibi, kwenu wapi?" akauliza Alimasi, bila ubaya wowote, na Bibi Nuru akakosa pa kuweka mikono.

Ndipo Bwana Hemedi akaanguka. Faradji alifikiri amezimia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, akapiga sakafu kwa kiganja, akafuta macho, akamwona mbuzi, akaanza upya.

"Nasema yenye meno," akasema akipata pumzi, "wananiletea yenye meno! Nasema nitaikalia, ananishikia pembe! Mimi nangoja kigoda, huyu analeta mnyama. Na kaifuta! Kaifuta mgongo! Wallahi, utani huu sijauona tangu nitoke nyumbani!"

"Bwana," akasema Alimasi, "huyu mutu wa Wamaza..."

"Nyamaza, Alimasi. Nikujaribu. Nikikwambia uniletee mbuzi ya kukunia nazi, utaleta nini?"

Alimasi akafikiri sana, maana aliona mtego. "Mbuzi, Bwana."

"Mbuzi gani?"

"Ile ya 'mee'."

"Mnaona!" Bwana Hemedi akasema, kama kadhi anayefunga kesi. "Mtu wa bara hajui kwamba ziko mbili. Na asiyelijua neno atalichezeaje? Huyu kanicheza mimi, mtoto wa Unguja, uso mkavu, mpaka nikakunja kanzu. Wa Wamaza angeweza wapi? Huyu ni wa mjini kabisa. Tafuta bega lingine."

Bega lingine lilipatikana. Mabega ya wengine yalipatikana siku zote, na hilo Faradji hakulicheka. Wakati ule lakini alikuwa ameinamisha macho kwa unyenyekevu. "Tusamehe, Bwana," akasema. "Hamu ya utani wa nyumbani."

"Nimesamehe! Sasa leta ile ya kweli, nikune."

Bibi Nuru, ambaye alikuwa ameokota neno "kigoda" lilipoanguka, akasema, "Ile mchwa waliila, Bwana. Mwaka jana."

"Hata chuma chake?"

"Mchwa wa huku wakali."

Bwana Hemedi akaanguka mara ya pili.

Basi nazi zikapasuliwa kwa shoka na kutwangwa kwenye kinu kama karanga, na mgeni akala mpaka akasema afadhali apumzike kidogo kabla ya alasiri. Mbuzi akala machicha.

Jikoni Faradji alikuwa anacheka na nafsi yake. Ameshinda. Msafara utaondoka bila yeye, na tajiri wake mwenyewe ndiye shahidi. Akainua mkono, akaitungua ile sinia ya shaba, akaipima uzito.

"Irudishe," sauti ikasema nyuma yake. "Mwezi muzima unaiangalia. Hata mimi mume wangu hakuniangalia vile."

Alikuwa Bibi Nuru, na alikuwa anaongea kama watu wa Kabambare, wazi, bila pua. Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyoosha miguu.

"Wewe ulifikiri umeniweza, sivyo?"

"Bibi, mimi..."

"Maji ya bahari ni chumvi, Faradji. Chumvi tupu. Ukinywa unatapika. Marehemu aliniambia mambo matatu juu ya bahari, na hilo la kwanza."

Faradji akaishika sinia kifuani kama ngao. "Kumbe ulijua nadanganya. Sasa kwa nini ulinipa kazi?"

"Kwa nini niliwafukuza wale watatu? Wote walijua kupika. Yule wa kwanza aliniuliza, Bibi, kwenu ni mtaa gani? Siku ile ile nikamtoa. Nilikuwa natafuta mupishi ambaye hataniuliza, kwa sababu naye anaogopa kuulizwa. Ukaja wewe na mitungi yako ya baharini. Nikasema, ya Rabi, umeniletea wangu."

"Basi Bibi... wewe iko mutu wa wapi?"

"Kabambare. Nyuma ya soko." Akavuta pumzi kama mtu anayefungua mkanda. "Marehemu hakuniambia habari ya mbuzi. Ile iliniotea. Nilikuangalia, nikaona hushangai, nikasema, kumbe ndiyo desturi."

"Mimi nilikuangalia wewe!"

Wakatazamana. Kisha Bibi Nuru akaanza kucheka, na Faradji akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa na kidonda ndani: mwezi na nusu hakugusa mawese, amepinda ulimi mpaka taya zinauma, usiku anajifunza kuota kwa Kiunguja, yote kumdanganya mtu aliyemwajiri kwa sababu ni mwongo mbaya. Hakuna dharau kubwa kwa fundi kuliko hiyo.

"Kazi ni yako," Bibi Nuru akasema. "Hata ukitaka kuiacha, ni yako. Mwenye siri yangu atakula kwangu. Na chini ya kile kikapu kuna sombe, nimeipika mwenyewe alfajiri, na mawese. Funga mlango."

Walikuwa wamekula nusu, vidole vyekundu mpaka kwenye vifundo, waliposikia viatu barazani. Bibi Nuru akafuta mikono. Faradji akafunika chungu. Bwana Hemedi akaingia mpaka jikoni, kama mtu wa nyumbani, uso umekunjuka kwa usingizi, na nyuma yake mtu mmoja aliyejifunga kiuno tayari kwa safari.

"Nimelala nikiwaza," akasema. "Si haki watu wa kwetu kuozea huku, wanakuna nazi kwa kinu. Keshokutwa naondoka, nami sisimami Ujiji, nakwenda moja kwa moja mpaka Unguja. Bibi, nimeagiza machela yako na watu wa kuibeba. Faradji, wewe utatembea na mimi mbele, bila mzigo, tutaniane njia nzima. Nitawafikisha mpaka mlangoni kwenu kwa mkono wangu."

"Bwana, wema huu..." akaanza Bibi Nuru, na maneno yakaishia hapo.

"Si wema, ni ujirani. Mjumbe wangu huyu anatangulia leo na barua, ndugu zenu wajiandae kuwapokea." Akachuchumaa, akaweka karatasi gotini, akachovya kalamu. "Nipeni tu jina la mtaa."

Faradji akamtazama Bibi Nuru. Bibi Nuru akainama, akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

"Mtaa tu," akasema Bwana Hemedi, kalamu juu. "Na jina la mtu mmoja anayewakumbuka."